Kadi ya Launji na Jicho la Bibi Yako

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, mpaka rangi ya viti. Vilikuwa vya chuma, vya kijivu, vimeunganishwa vinne vinne, na bibi yako alikaa kwenye kile cha mwisho karibu na nguzo, mkoba wake mapajani, amejifunga kitenge chake cha kwendea kanisani. Nitafika hapo. Kwanza turudi kwenye swali lako.

Jana ulinionyesha kwenye simu ile kadi ya launji unayotaka kulipia mwaka mzima, ili ukiwa uwanja wa ndege usikae na abiria wengine, uingie kwenye chumba chenye makochi, chakula na intaneti. Ukaniuliza, "Baba, inafaa?" Nikakujibu kwamba nitafikiri. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta pa kuanzia, kwa sababu kadi ya namna hiyo niliwahi kuwa nayo. Hukuiona kwa kuwa niliikatakata kwa mkasi wa mama yako wewe ukiwa bado mdogo.

Wakati ule nywele zangu zilikuwa nyeusi zote. Nilikuwa nawakilisha wakulima wa kahawa wa huku kwetu Nyabiyonza kwenye vikao vya mbali, na mara mbili au tatu kwa mwaka nilipandishwa ndege kwa gharama za walioitisha kikao. Mara mbili au tatu tu, lakini ungenisikia nikisimulia ungedhani rubani ananijua kwa jina. Kwenye kikao kimoja alikuja kijana mwenye tai, sauti laini, akatuambia watu wa hadhi yetu hawastahili kubanana na abiria wa kawaida. Hadhi yetu! Mimi niliyekuwa bado na udongo wa shambani kwenye kucha. Hapo ndipo ningetakiwa kushtuka na kujiuliza huyu ananisifu ili apate nini. Badala yake niliomba kalamu nikatia sahihi.

Kadi yenyewe ilikuwa nyeusi, yenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Niliitoa hata pasipohitajika. Kwenye kikao cha harusi pale Igurwa niliitoa nikijifanya natafuta kitambulisho, ikazunguka mkono kwa mkono. Mzee mmoja akauliza kama inatoa pesa kwenye mashine. Nilipomwambia haitoi, akanirudishia upesi kama kitu kilichomchafua. Nikamwona mshamba.

Sasa, bibi yako alikuwa na presha ya macho. Daktari wa huku alituambia kuna bingwa anayekuja nchini kwa siku chache, katika mji wa mbali, na kwamba amempatia bibi nafasi, asubuhi ya siku ya mwisho. Alinitazama akasema, "Mzee, hii presha haisubiri. Jicho likizimika, halirudi." Basi tukatoka nyumbani kwa gari hadi Bukoba, tukapanda ndege ndogo, tukashuka kwenye uwanja mkubwa ambapo tungebadilisha ndege. Tulikuwa na saa tatu za kusubiri. Ndege ya pili ilikuwa moja tu kwa siku ile.

Nikamshika bibi yako mkono, nikampeleka hadi kwenye mlango wa launji, kadi ikiwa tayari kwenye vidole. Binti wa mapokezi akaniambia kwa adabu kwamba kadi yangu inaingiza mtu mmoja, mgeni analipiwa papo hapo. Mimi moyoni nikasema, huyu ananipiga. Nilikuwa na hakika hela ile inaingia kwenye mkoba wake. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi niliyotia sahihi, mwanangu, kwa herufi ndogo ambazo sikuzisoma. Nikakataa kulipa.

Ungedhani basi ningekaa na mama yangu. Lakini roho iliniuma kuiacha kadi niliyoilipia. Mama mwenyewe akaniambia, "Nenda ukaone kulivyo, usije ukawa umetoa hela bure. Mimi nina ndizi zangu hapa." Maana alikuwa amefungasha ndizi za kuchemsha kwenye jani, na kahawa za kutafuna kwenye kipande cha kitambaa.

Nikamkalisha pale kwenye nguzo. Pembeni yake alikaa mwanamke mmoja aliyejitanda mtandio, ambaye tulitoka naye Bukoba kwenye ndege ile ile. Akanisalimia vizuri, akasema anaitwa Bi. Mwanaidi, ana duka Nkwenda, na naye anaelekea tunakoelekea. "Nenda ukapumzike, baba," akaniambia. "Mama nitakuwa naye." Kisha akamgeukia bibi yako akaanza kumsemesha Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, wakacheka.

Hapo shaka ikanipanda. Mwanamke mwenye lafudhi ya pwani, Kinyambo amekitoa wapi? Kwa nini awe mwema hivyo kwa watu asiowajua? Nikainama sikioni kwa mama, lakini kwa sauti ambayo najua yule mwanamke aliisikia, nikasema, "Usiondoke hapa na mtu yeyote. Awe nani, aseme nini, usiondoke mpaka nije mwenyewe." Bi. Mwanaidi akageuza uso akatazama kioo cha dirisha. Mimi nikaenda zangu launji.

Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri na kimya. Nikala mikate midogo iliyokatwa pembetatu, nikanywa juisi, nikala tena ili hela irudi. Kisha nikaona kochi moja linalolala lenyewe ukibonyeza kitufe. Nikabonyeza. Nilikuwa nimeamka alfajiri ya siku ile kupanga safari, na nilijiambia kwamba ndege ikiitwa nitasikia.

Sikusikia kitu. Ukutani palikuwa na kibao kinachosema kwamba safari hazitangazwi humo ndani, ili wateja wasisumbuliwe. Nilikisoma baada ya kuamka.

Nilitoka mbio kiatu kimoja hakijafungwa. Ukumbi ulikuwa umebaki mtupu. Viti vya kijivu, nguzo, na mama yangu peke yake, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Aliponiona akatabasamu. Akasema, "Nimekusubiri. Sijaondoka."



Akanieleza kwa utulivu. Tangazo lilitoka, majina yetu yakaitwa, yakaitwa tena. Bi. Mwanaidi alimsihi wanyanyuke wote, akamwambia, "Mama, nakuapia, hii ndiyo ndege yetu, mwanao atatukuta mlangoni." Mama akakataa, kwa sababu mimi nilimkataza. Yule mwanamke akakimbia hadi launji kuniita, mlinzi akamzuia, akamwambia kila siku watu wanatafuta visingizio vya kuingia. Akarudi, akamsihi mama tena, huku analia. Mwisho akapanda peke yake, dakika ya mwisho kabisa.

Nikakaa kwenye kiti cha tatu. Mama akaniuliza, na hakuwa na hasira, alitaka kweli kujua: "Kwa hiyo kule ndani mnalipia ili msisikie?"

Akaniuliza tena nimekula nini huko, nikamwambia. Akafungua jani lake, akanipa ndizi iliyobaki. Nikaila nikitokwa na machozi mbele za watu, mimi mtu wa hadhi.

Tulipofika kesho yake bingwa alikuwa ameshaondoka. Aliporudi nchini safari nyingine, jicho la kushoto aliliokoa. La kulia lilikuwa limekwisha.

Unakumbuka bibi yako alivyokuwa anageuza kichwa chote kukutazama ukikaa upande wake wa kulia? Mlikuwa mnamwigiza, wewe na wenzako, mnadhani ni maringo ya uzeeni. Nilipowakemea hamkujua nalilia nini. Nyumbani niliwaambia wote kwamba ndege ilighairiwa. Bibi yako alikuwepo nikisema uongo huo. Akatikisa kichwa kuunga mkono, akaendelea kumenya ndizi, na hakuitoa siri hiyo hadi tulipomzika. Sasa umejua, na mimi nimepumua.

Bi. Mwanaidi alikuwa na duka Nkwenda kweli, mtaa wa sokoni, ameolewa huko na amelea watoto wake huko. Kinyambo alikipata kwa wateja. Kwa zaidi ya mwaka nilipokwenda Nkwenda kwa shughuli zangu nilizunguka nyuma ya soko ili nisipite mbele yake. Siku nilipoingia hatimaye kumwomba radhi, aliniuliza jambo moja tu: "Na macho ya mama je?"

Basi shauri langu ni hili. Hiyo kadi usiinunue kwa sasa. Tangu uanze kazi ya vanila umesafiri mara ngapi, na katika hizo, mara ngapi umekaa uwanjani zaidi ya saa mbili? Jibu kwa ukweli, usijibu kama nilivyokuwa najibu mimi. Bukoba huna pa kuitumia. Ukichoka sana siku moja, ukiwa peke yako, lipia kuingia siku hiyo hiyo, upumzike, weka kengele kwenye simu, sina ugomvi na kochi. Lakini wanaotaka ulipe mwaka mzima wanajua kwamba utaingia mara chache, halafu utaingia hata usipotaka, ili usione umepoteza. Soma herufi ndogo. Angalia kama inajilipia yenyewe mwaka ukiisha. Uliza pia: siku ukiwa na mama yako, ataingia au atabaki kwenye kiti cha chuma?

Na la mwisho, ambalo ndilo linaniuma. Mimi nilikuwa mtu wa shaka, na bado ni mtu wa shaka, sitakudanganya. Nilimshuku binti wa mapokezi aliyekuwa anasema kweli. Nilimshuku mwanamke aliyelia kwa ajili ya mama yangu. Mtu pekee niliyemwamini ni yule mwenye tai, kwa sababu alinisifia. Wewe shaka yako ipeleke kwa anayekwambia kwamba unastahili kutengwa na wenzako. Aliyekaa nawe kwenye benchi mpe angalau nafasi ya kukujulia hali.

Nenda salama, mwanangu, urudi salama. Mungu akufungulie njia na akuweke jirani na watu wema, na uwe na macho ya kuwatambua. Na popote utakapokaa kusubiri, akukalishe mahali ambapo jina la mama yako likiitwa, utalisikia.