Uliza Ni London Gani

Siku ninayoikumbuka kwa hasira mpaka leo, mwanangu, ni ile dereva wa lori la viazi alipoegesha karibu na boma letu kule Olenguruone, akaniita pembeni na kuniambia, "Dada yako anakutaka London. Panda nyuma, mchana tutakuwa tumefika."

Nilidhani amelewa. Dada yangu Chelagat alikuwa ameolewa msimu wa mvua uliopita, na kijiji kizima kilimsindikiza kwa nyimbo kwa sababu alikuwa anakwenda London. Mchumba wake alikuwa kijana mnunuzi wa viazi, mwenye koti la ngozi na tabasamu jingi. Mbele ya wazee alikataa kabisa kusema Kiswahili. Alisema Kiingereza tupu, na mwalimu mmoja wa pale kwetu, rafiki yake, ndiye aliyetafsiri. Baba alipouliza anakaa wapi, yule kijana alijibu, "I stay in London." Mwalimu akasema, "Anakaa London." Basi. Baba akasimama kumshika mkono.

Sasa nielewe vizuri, maana hapa ndipo sumu ilipowekwa. Katika Kiingereza cha vitabu vya shule, London ni mji mkuu wa Waingereza. Katika Kiingereza chetu cha Olenguruone, London ilikuwa ng'ambo yoyote ile. Hata aliyekwenda Canada tulisema yuko London, na hakuna aliyebisha. Lakini katika Kiingereza cha Nakuru mjini, mtu akikuambia anakaa London anamaanisha mtaa ulio kwenye mteremko wa mlima Menengai, wenye nyumba za mabati na mafundi wa kila aina. Yule mwalimu alisomea Nakuru. Alizijua London zote tatu. Alinyamaza akala nyama ya harusi.

Chelagat alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu. Baba alimwambia aiache, atasoma vyuo vya wazungu. Wahenga walisema mtego bila chambo haunasi, na chambo cha baba yangu kilikuwa neno moja tu.

Nilipanda lori, na katika London hiyo ya Nakuru nikamkuta dada kwenye foleni ya maji, mtungi wa plastiki mkononi, amekonda. Mume alikuwa safarini na malori, hana habari naye. Alikuwa amemtisha kwamba akirudi kwao, atawaambia watu kwamba Chelagat mwenyewe ndiye aliyetaka kuficha mambo ili apate sifa. Dada hakulia. Alinishika mkono akasema, "Nilitaka tu mtu mmoja wa nyumbani ajue niko wapi. Baba usimwambie."

Hasira ilinipanda. Nikaropoka kwamba hii si London, hili ni shimo, na aliyemleta hapa anastahili kupigwa mawe. Mama Njoki, mwenye ploti ya vyumba alimopanga dada, alikuwa nyuma yetu kwenye foleni. Akaweka karai lake chini.

"Kijana," akaniambia, "mimi nimezaa watoto wangu wote hapa na nimemzika mzee wangu nikiwa hapa. Hii ni London, na ni nyumbani kwa watu. Mwongo ni yule mtu. Usitukane mahali kwa sababu ya mdomo wa mtu."

Alikuwa na haki ya kukasirika kuliko mimi, maana kijana yule alikuwa amegeuza mtaa wake kuwa chombo cha kutapeli.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Baba kila kitu, ingawa dada alinikataza; kuna siri ambazo kuzitunza ni kushirikiana na mwizi. Nilitarajia achukue fimbo aende Nakuru. Badala yake akasema, "Watu waliimba hapa. Abaki huko huko. Afadhali hivyo kuliko kuchekwa."

Mwanangu, nimezeeka, nimezika wengi na kusamehe wengi, lakini maneno hayo bado sijayasamehe. Mtoto wake alikuwa anapotea umbali wa safari ya asubuhi, naye alikuwa anahesabu vicheko vya majirani. Mficha uchi hazai.

Nilipeleka habari hiyo kwa dada, na Mama Njoki akasikia. Siku ya soko alipanda gari na Chelagat mpaka Olenguruone, mwanamke ambaye hakuwa ndugu yetu wala wa kabila letu. Aliingia bomani mchana kweupe, majirani wakitazama, na mwalimu akiwa ameketi na Baba. Akasema, "Mzee, nimekuletea msichana wako kutoka London." Kisha akamgeukia mwalimu. "Wewe ulijua?"

Mwalimu akajibu kwamba yeye alitafsiri tu yaliyosemwa.

"Ulitafsiri neno," Mama Njoki akamwambia, "ukaficha mahali."

Baba aliinuka, akachukua mfuko wa Chelagat, akaupeleka ndani. Hakuomba msamaha siku hiyo, wala siku nyingine mpaka alipofariki. Yule kijana hakuonekana tena upande wetu. Mwalimu alizeeka akiheshimiwa, na watu wakamsalimia kwa mikono miwili. Nafasi ya chuo ilikuwa imekwenda. Dada alifundisha miaka mingi bila cheti, akidharauliwa na walimu wenye vyeti waliomkuta kazini, kabla ya kupata tena nafasi ya chuo.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu, wewe ambaye simu yako haiachi kulia kwa ahadi za kazi na ndoa. Mtu akikutajia mahali kwa sauti tamu, uliza ni wapi hasa, kwa maana ya nani, na nani mwingine anapajua. Akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu. Ukijua ukweli na mwenzako haujui, sema, hata nyama ikiwa mdomoni. Na mtoto wako akikosea njia, mfuate umrudishe. Wanaocheka watachoka wenyewe.

Mungu akupe ulimi usiojificha ndani ya maneno. Akupe nyumba ambayo mlango wake hautafungwa kwa aibu, na popote utakapokaa, pawe na jirani wa kukushika mkono akurudishe kwenu.