Dirisha la Chumba cha Seva

Skolastika Nyamburi alikuwa mtu wa kufunga vitu. Alifunga kabati, alifunga droo, na chupa yake ya chai aliifungia humo humo kwenye droo. Wasichana wa ofisini walimcheka, lakini wao hawakuwepo wakati shirika la umma alikokuwa mpiga chapa lilipovunjwa. Siku za mwisho pale watu walichomoa hata balbu na vitasa vya milango, na kila mtu akamwangalia mwenzake kama mwizi. Skolastika alirudi kijijini kwao Buswahili kulima mihogo akiwa na cheti chake cha upigaji chapa, na moyo usiomwamini mtu.

Kiwanda cha mtu binafsi cha minofu ya sangara kilipofunguliwa Musoma, kando ya ziwa, walitafuta mtu anayejua kibodi. Alichukuliwa. Alifundishwa kompyuta, akaipenda kuliko alivyotarajia, na kufikia mwaka tisini na saba ndiye aliyekuwa msimamizi wa seva. Seva ilikuwa boksi refu la rangi ya maziwa lililokaa peke yake kwenye chumba kidogo nyuma ya masijala. Kompyuta zote za ofisi zilichota mafaili yao humo: majina ya mitumbwi, vipimo vya maabara, na vyeti vya afya vya samaki ambavyo bila hivyo lori halikuruhusiwa kutoka.

Kila Jumamosi jioni aliizima. Jumatatu moja asubuhi akabonyeza swichi, na seva haikuwaka.

Hakukuwa na taa wala mlio. Akabadilisha waya wa umeme, akachukua ule wa kompyuta yake ambayo alijua ni nzima. Kimya. Akachomeka birika la chai kwenye soketi ile ile ya ukutani, likaanza kuvuma. Basi umeme upo. Akanusa. Kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua, nyembamba, kama plastiki.

Ndipo alipoliona dirisha. Kitasa chake kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya katani, fundo la mtu mwingine kabisa.

Meneja, Bwana Leodgar, alikuja mbio. Lori lilikuwa limeshapakiwa barafu na minofu, na dereva alikuwa anapiga honi.

"Nani aliingia humu jana?" akauliza.

Aliyeingia alikuwa Werema, mlinzi wa geti. Hakukana. Ufunguo wa akiba ulikuwaga kwake.

"Upepo ulikuwa mkali, bosi. Dirisha linapigapiga. Nikaingia, nikalifunga kwa kamba, nikatoka."

Leodgar akamgeukia Skolastika. "Mama Nyamburi, uliacha dirisha wazi?"

"Mimi ninafungaga kila siku," akajibu, haraka mno.

Werema alimtazama. Walikuwa wamefanya kazi pamoja kwenye lile shirika la zamani, yeye mlinzi na Skolastika mpiga chapa. Alikuwa amembebea kiti siku ya kufungasha. Sasa alimwangalia kama mtu aliyesukumwa mgongoni.

"Kwa hiyo dirisha lilikuwa limefungwa, nawe ulikuja kuharibu mashine," Leodgar akamwambia Werema. "Nani amekutuma? Wale wenzetu wa kiwanda cha ng'ambo ya ghuba?" Akaamuru mlinzi akae kwenye kibanda chake asiondoke, na gari likatumwa kuita polisi.

Luhende, fundi wa kompyuta kutoka Mwanza, alikuwa mjini wiki hiyo kwa kazi nyingine, akaitwa. Skolastika alimtilia shaka kabla hajaweka begi chini. Mwezi uliopita fundi huyu alikuwa ameomba mkataba wa matengenezo akanyimwa, na leo mashine imekufa naye yuko hapa hapa Musoma, amechana nywele vizuri. Skolastika akasimama mlangoni, macho yasitoke kwenye mikono ya fundi.

"Mama, mbona unanilinda?" Luhende akauliza.

"Fanya kazi, fundi."

"Mpaka polisi waje, mashine isiguswe," akasema Leodgar. "Ni ushahidi."

Kupitia dirishani Skolastika aliona kibanda cha geti, na magoti ya Werema yametokeza mlangoni. Alijaribu kuikumbuka Jumamosi. Joto lilikuwa kali. Alikuwa amefungua dirisha, hilo alilijua. Kulifunga? Mkono wake ulikumbuka kitasa, lakini mkono ulikumbuka kitasa cha kila siku, siyo lazima cha Jumamosi ile.

"Bosi," akasema. "Siwezi kuapa kwamba nililifunga."

"Ulisema..."

"Nilisema. Sasa nasema siwezi kuapa. Tufungue mashine kwanza, tuone imekufa kwa nini. Wakishamchukua, hata tukijua itakuwa kazi kumtoa."

Leodgar alisita. Honi ya lori ikalia tena. "Fungueni," akasema, "lakini wote tukiwa hapa."

Luhende akafungua skrubu, akavuta mfuniko. Wote watatu wakainama. Hakuna waya uliokatwa. Diski ilikuwa mahali pake. Lakini pawasaplai, lile boksi la chuma linalopokea umeme, feni yake ilikuwa imezibwa na uji mweusi uliokauka. Luhende akauchokoa kwa bisibisi, ukatoka mabonge mabonge: vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi na kuingia madirishani, miezi na miezi ya vijidudu, vimegandana kwa mafuta yao wenyewe.

"Hii siyo ya jana," akasema Luhende. "Feni imekabwa polepole, boksi likawa linachemka, mwisho likaungua."

"Au ndivyo unavyotaka tuamini," akasema Leodgar.

"Basi tuchukue pawasaplai ya kompyuta yako, bosi. Zilinunuliwa pamoja. Kama mimi mwongo, seva haitawaka."

Wakaihamisha. Skolastika mwenyewe alishika tochi, na bado aliangalia kila waya ambao fundi aliuchomeka. Akabonyeza swichi. Feni ikavuma, taa ya kijani ikawaka, diski ikaanza kukwaruza, na baada ya kitambo maandishi yakashuka kwenye kioo. Mafaili yote yalikuwepo. Cheti cha lori kikachapwa kabla ya saa sita.

Polisi walipofika, Leodgar aliwapokea kwenye ngazi, akawapa soda, akawaambia ilikuwa hitilafu. Kwa Werema hakwenda. Ni Skolastika aliyekwenda.

"Kaka Werema, yamekwisha. Nilikosea kusema vile."

"Ulisema ulichosema," Werema akajibu. Akainuka, akakung'uta suruali.

Jioni wafanyakazi wakatoka kama kawaida. Wanawake wa ofisini hawakuwahi kupekuliwa getini. Walipita tu wakiaga. Skolastika alipofika, Werema alinyoosha mkono.

"Mkoba, mama."

Hakumwita dada Skola tena. Skolastika akaufungua. Werema akatazama ndani taratibu, akainua leso, akaisogeza rozari, akatazama chini yake. Kisha akafungua geti.

Alimpekua kesho yake, na siku zilizofuata, yeye peke yake, mpaka Werema alipoacha kazi akahamia Kisorya. Skolastika hakulalamika kwa meneja hata mara moja. Kila alipokaribia geti alikuwa ameshaufungua mkoba.