Mama Gati Apangiwa Likizo

Sijawahi kusikia mtu akipangiwa kuchoka halafu anaambiwa hiyo ni likizo. Nimesikia kwa Wegesa tu. Mimi naitwa Miriamu, watu wengi wananiita Mama Isidori, na mwaka huo wa themanini na saba nilikuwa nimeshapika na Wegesa miaka kumi na minne kwenye shule moja ya bweni hapa Musoma. Wanafunzi mia nne, wapishi wawili. Kwa hiyo usiniulize kwa nini naongea kwa ukali. Nilizaliwa mpole, jiko ndilo lililonifanya hivi.

Wegesa alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, anakaa Nyakato, jirani yangu tangu tulipoolewa. Mumewe, Keraryo, alifariki akamwachia watoto watano, na tangu siku ile sikuwahi kumwona amekaa chini bila kitu mkononi. Akikaa, anachambua maharage. Asipochambua maharage, anashona begi la mtoto. Ile miaka ya shida ndiyo ilimmaliza kabisa. Ukisikia sabuni imefika duka la ushirika unaacha sufuria linachemka unakimbilia foleni, na ukifika unaambiwa imekwisha, rudi jikoni ukakute ugali umeungua na matroni anakusubiri mlangoni. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Maduka ya Iringo, huku mjini, yakajaa vitu, tukawa tunapita kuviangalia tu. Kuni zilibaki zile zile mbichi, na mwiko ule ule mrefu kama kasia.

Mtoto wake wa kwanza, Gati, watu wa kanisa walimpeleka Finlandi mwaka sabini na tisa akasomee uuguzi. Akasoma, akapata kazi, akaolewa huko huko na Mfini. Wakapata mtoto wa kike wakampa jina la bibi yake, Wegesa. Alikuwa na miaka mitatu sasa, na bibi hajamwona hata siku moja. Picha yake alikuwaga anaiweka katikati ya kitabu cha nyimbo za kanisani, na nakuambia kweli, Jumapili hakuwa anaimba, alikuwa anaangalia picha.

Barua ilifika mwezi wa pili. Nilimsomea mimi, kwa sababu moshi ulikuwa umeshaharibu macho yake. Gati aliandika kwamba tiketi ipo, mama aje mwezi wa saba, akae siku ishirini na nane, na mumewe amechukua likizo kazini ili wote watembee pamoja. Ndani kulikuwa na karatasi nyingine, imepigwa taipu na mkwe mwenyewe, na Gati ameandika Kiswahili chini ya kila mstari.

"Siku ya kwanza, kupokelewa," nikasoma. "Siku ya pili, kupanda mlima, kilomita kumi na nne."

"Juu kuna shamba?" Wegesa akauliza.

"Hakuna. Mnakwenda kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Chini."

Akanitazama aone kama namtania. Nikaendelea. Siku ya tatu, kulala kwenye kibanda cha wapanda milima, chumba kimoja, vitanda vya kupandana. Siku ya tano, kupiga makasia kuvuka ziwa. Siku ya saba, baiskeli. Siku ya nane, hema porini, wote wanne ndani. Siku ya kumi, kuingia kwenye chumba cha mvuke wa moto, familia nzima kwa pamoja, halafu mnaruka kwenye maji ya baridi.

"Humo kwenye mvuke wanavaa nini?"

Nikasoma tena kwa makini. "Hawavai, Mama Gati."

Akaweka mwiko chini. Mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka.

Nikuelezee kama hukukulia huku. Kwa wazee wetu, mwanamke na mume wa binti yake hawakai pamoja. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali nyumba moja, wakikutana njiani mmoja anachepuka apishe. Hata jina la mkwe halitajwi. Siyo chuki jamani, ndiyo heshima yenyewe, tena kubwa kuliko zote. Vijana wa mjini wameanza kuiacha, lakini Wegesa hakuwa kijana wa mjini. Na sasa hapo mkwe wake anamwita walale hema moja.

Lakini mjukuu alikuwa upande ule, na Wegesa alitaka kumshika yule mtoto kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Kwa hiyo tukakaa tukapanga. Kwenye benchi la jikoni tukatandaza siku ishirini na nane: maharage ni siku za Mama Gati, mahindi ni siku za mkwe. Mkwe akipanda mlima Jumatatu, yeye anapanda Jumanne. Mkwe akivuka ziwa, yeye anabaki ng'ambo mpaka mtumbwi urudi. Kwenye kibanda, yeye alale jikoni na pazia lifungwe. Tatizo lilikuja usiku, kwa sababu Gati aliandika kwamba huko mwezi wa saba jua halitui kabisa. Wegesa akakaa ameshika harage moja muda mrefu.

"Sasa kama giza haliji," akasema, "mtu atapishana na mkwewe saa ngapi?"

Jumamosi tukaenda sokoni kwenye mitumba, wakati ule watu waliiita kafaulaya, yaani mwenye nguo kafia Ulaya. Akapata sweta zito la bluu na buti za mpira, mguu mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake. Nikamwambia unalirudisha sweta kwao, wakilitambua watakudai. Hapo akacheka, na kicheko chake nilikuwa nimekisahau. Barua nikaiandika jioni ile kama alivyotamka, kila siku na mpango wake. Mwishoni akaniambia niongeze: mkwe asinipe mkono, asile mbele yangu, asiniangalie usoni.

Tuliona tumefanya kazi nzuri. Kumbe tumebomoa.

Jibu lilifika mwezi wa nne, karatasi nusu. "Mama, tumesoma barua yako. Mume wangu ameniuliza kama humtaki kwa sababu ya rangi yake. Haya mambo ya kwetu sijawahi kumweleza, nilikuwa naona aibu. Yeye amepanga haya yote ili akujue. Kama huwezi kukaa naye chumba kimoja, Mama, basi bora usije."

Nilisoma mstari wa mwisho taratibu, kama vile nikichelewa utabadilika. Wegesa akaichukua ile karatasi, akaikunja, akaitia kifuani. Halafu akakaa juu ya gunia la unga akalia. Kwenye msiba wa Keraryo alisimama kama nguzo, mimi ndiye niliyekuwa nagaragara. Sasa analia kwa sauti, saa nne asubuhi, na wanafunzi wanachungulia dirishani. Nikawafukuza kwa ufagio.

"Nikikaa naye nimemdharau," akasema. "Nisipokaa naye nimemdharau. Nifanye nini? Nimechoka, Mama Isidori. Zamani ilikuwa miguu, sasa hata akili imechoka."

"Dada yangu, kwani lazima uamue leo?"

"Andika kwamba siji. Andika kwamba simchukii."

Nikaandika. Siji, simchukii, msalimie mtoto. Akaweka sahihi yake, akarudi kwenye sufuria. Alifikiri nimeshafunga bahasha.

Sikuifunga. Niliigeuza ile karatasi nyuma, na Mungu anisamehe, nikaandika ya kwangu.

"Gati, mimi ni Mama Isidori, niliyekubeba mgongoni mama yako akiwa shambani. Acha aibu zako. Mweleze mumeo leo hii kwamba kwetu mama mkwe anamkimbia mtu anayemheshimu, na kwamba mama yako hajamkimbia mtu yeyote namna hii. Halafu mwulize, hiyo milima ni ya nini? Mama yako anaamka kabla ya jogoo. Amesonga ugali wa watu mia nne kwa miaka kumi na minne. Makasia ameshapiga, ila ya kwake yalikuwa kwenye sufuria. Tangu baba yenu afe sijamwona amelala mchana hata siku aliyougua. Mnataka kumpa kitu? Mpeni pa kulala, pasipo mtu wa kumwamsha."

Nikaituma bila kumwambia. Nilijua pia kitu kingine wakati nalamba ile bahasha. Mwezi wa saba shule iko wazi. Wegesa akienda, lile jiko ni langu peke yangu.

Mwisho wa mwezi wa tano ikaja bahasha kubwa. Ndani kulikuwa na tiketi, na picha. Nyumba ya mbao pembeni mwa ziwa, na mbali kidogo nyuma ya miti, kibanda kidogo kipya, mbao bado nyeupe. Mlango wake umetazama msituni, umeipa nyumba kubwa mgongo. Gati ameandika nyuma: "Mama, kajenga mwenyewe. Nimemweleza yote. Amesema njia ya kwako itakuwa ya kwako, na yeye hataipita."

Na programu mpya ilikuwepo, imepigwa taipu kama ile ya kwanza. Nikaisoma kwa sauti.

"Siku ya kwanza, Mama analala. Siku ya pili, Mama analala. Siku ya tatu, mtoto Wegesa anampelekea Mama uji, kama ameamka. Siku ya nne, Mama analala."

Ilikuwa hivyo mpaka chini ya ukurasa. Hakuna mlima, hakuna baiskeli. Wegesa alinisimamisha kwenye siku ya nne akaniambia nirudie. Nikarudia. Akafuta uso kwa khanga, halafu akanigeukia polepole.

"Nani amewaambia kwamba nimechoka?"

"Kwani hiyo nayo ni siri?" nikasema, nikashika mwiko.

Mkuu wa shule alimpa ruhusa kwa sharti moja. "Nani atapika?" akauliza, na sote wawili tulikuwa tumesimama pale mbele ya meza yake. Nikamjibu, "Mimi, Mwalimu." Wegesa akanitazama. Akanishika mkono wa kulia, ule wenye malengelenge, asiuachie mpaka tukafika jikoni.

Akaondoka na lile sweta la kafaulaya na buti zake zisizolingana. Wiki ya tatu nikapata kadi, mwandiko wa Gati, maneno ya Wegesa. "Mama Isidori, nimelala siku tano. Niliamka nikalala tena. Mtoto ana pua yako ile ya ubishi, sijui aliipata wapi. Mkwe anavua samaki, anaweka mlangoni pangu, anagonga mara mbili, anaondoka. Jana nilichungulia nikamwona mgongo akienda. Ni mrefu, na anatembea kama mtu mwenye adabu. Namshukuru Mungu."

Niliisoma nimesimama, wakati ugali unaanza kushika chini ya sufuria. Nilifurahi kweli. Nikatafuta wa kumsomea, na jikoni hapakuwa na mtu. Bega lilikuwa linaniuma tangu Jumatatu, na mikono ilikuwa imevimba hata pete haivuki kidole.

Na mimi nimechoka. Miaka ni ile ile kumi na minne, na sufuria ni lile lile. Lakini kwenye jiko lile mwandishi wa barua ni mimi, sasa ya kwangu, ya kusema nimechoka, nani angeiandika? Nikaitia kadi kifuani, nikaupindua ugali kabla haujaungua.