Namba Nilizompa Gaudensi

Nimemkosea Gaudensi, na leo hayupo. Asubuhi wameniambia amefariki, lakini mimi bado napiga namba yake, nasikiliza inaita.

Kwenye status mnaweka picha zake na mishumaa. Mimi nimesoma naye tangu darasa la kwanza hapa Izia, na mimi ndiye niliyemharibia jina.

Alianzia uinjinia kwenye visima vya mafuta huko nje, akarudi nyumbani kututafutia maji. Mimi niliishia darasa la saba, mtunza pampu kijiji cha Msanzi. Hakuwahi kunidharau.

"Kaka Beda, chini hatuoni," aliniambia. "Tunavuta maji, tunaangalia yanavyoshuka kisimani. Halafu laptop inabahatisha chini kukoje, inapiga hesabu, inalinganisha na namba zako. Zisipolingana, inabahatisha tena mpaka zilingane."

"Kwa hiyo laptop inanitegemea mimi?"

"Wewe na tepu yako, bosi!" Jamani, kile kicheko.

Test ya kisima cha Msanzi ilikuwa siku tatu. Kila saa nishushe tepu kisimani, nipime, niandike. Siku ya kwanza nilipima. Siku ya pili shemeji akaniita kupura ulezi, na penye kupura ulezi pombe haikosi. Daftari nililijaza nimekaa kwenye mkeka wake: yameshuka sentimita mbili, mbili, tena mbili. Ya tatu hivyo hivyo.

Gaudensi alipoliona akashika kiuno. "Duh! Maji yako yana nidhamu kama wanakwaya. Ulipima kweli, kaka?"

"Nilipima."

Akaniamini. Kwa namba zangu, laptop ikasema chini kuna maji tele. Ikafungwa pampu kubwa. Kiangazi kilipofika kisima kikakauka, akina mama wakarudi bondeni na ndoo zao.

Kwenye mkutano wa kijiji walimzomea. "Injinia wa laptop! Rudi kwenye mafuta yako!" Mimi nilikuwa benchi la mbele.

Akasimama. "Hesabu zilikuwa zangu. Msimlaumu mtu mwingine."

Nikaangalia viatu vyangu.

Hakuna aliyempa kisima kingine. Mama yake mpaka leo wanamwita mama wa kisima kikavu, sokoni, anasikia.

Wiki mbili zilizopita alinitumia ujumbe: "Kaka, nimezirudia zile hesabu za Msanzi. Bado sioni nilipokosea."

Nikausoma. Sikujibu.

Gau, hukukosea popote. Hesabu zako zilikuwa safi, uchafu niliuweka mimi.

Jumamosi tunakuzika hapa Izia, na watu wa Msanzi wanakuja. Daftari ninalo. Kabla hujashushwa nitaomba nafasi, nitalifungua ukurasa wa siku ya pili mbele ya mama yako, niseme kwa mdomo wangu: hizi sikupima.

Lala, ndugu yangu, usizirudie tena hesabu. Jumamosi nakujibu.