Kiraka cha Sebuleni Siku ya Posa

Sijawahi kuona aibu kama ile, na mnaocheka chekeni tu, ila mjue hasira zangu bado ziko palepale.

Mguu wa sofa ulitoboa ukuta wetu wa jipsamu hapa Kahama, ule wa sebuleni unaopakana na chumba changu, wenye vipele vipele vya urembo, nikamwita fundi, akaziba, akaacha kiraka laini kama kipara katikati ya vipele, halafu ananiambia, "Mama, hakionekani." Hakionekani kwa nani? Eti mashine ya kurushia vipele iko kazini Geita, nisubiri siku tatu, na mimi kesho yake watu wa Ushetu wanakuja kumposa Kulwa wangu (na nilishajitapa kwao kwamba kwangu hakuna kitu cha ovyo)!

Nikaona isiwe tabu. Nikachukua poda ya jipsamu aliyobakiza, nikachanganya na chenga za mchele, nikapaka, nikapiga rangi, na jamani, vilitoka vipele vizuri kuliko vya fundi mwenyewe. Kulwa akaniuliza, "Mama, hizi si chakula?" Nikamfokea, nyamaza.

Wageni wakaja na kuku wawili wa zawadi. Sasa nani alimtuma mtu kulegeza kamba ya kuku sebuleni kwa watu? Tumekaa, mshenga ndiyo kwanza anakohoa aanze maneno, jogoo kaenda moja kwa moja ukutani, ko! ko! ko! Nikasema "shii" kwa adabu, nikarusha kandambili (bila adabu), jogoo ndiyo kwanza kamwita mwenzake. Poda ilikuwa haijakauka sawasawa, kiraka kikaanguka kizima pamoja na kile cha fundi, tukabaki tunatazama chumba changu cha kulala kupitia tundu, na kitanda sijatandika.

Mama Masanja, mama wa kijana, mtu aliyezeekea kwenye majaruba ya mpunga, akainama, akaokota chenga, akazipuliza kiganjani.

"Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, taratibu, "mchele huu mnapaka ukutani?"

Mshenga akafunga daftari lake. Hapo nikajua posa inaondoka, na mwanangu na Masanja wanapendana miaka mitatu.

Kulwa akapiga magoti mbele ya Mama Masanja. "Nisamehe mama, nimepaka mimi. Mama yangu hakujua."

Yaani! Nilitaka kuukubali ule uongo, nisiwafiche, niliukubali kama sekunde tano nzima. Kisha nikamwona mwanangu ameinamisha kichwa mbele ya watu, moyo ukanichoma, nikasimama. "Muongo huyo. Yeye alinikataza, nikamfokea. Nimepaka mimi mtu mzima."

Mama Masanja akamtazama Kulwa, akanitazama mimi, akamgeukia mshenga. "Fungua daftari. Huyu binti tunamtaka leo leo."

Huyu binti! Mimi niliyesema ukweli mbele ya ukoo mzima sikuambiwa hata ahsante, nilipewa ufagio nizoe chenga, na nilizoa, na machozi yakanitoka, na msiniulize yalikuwa ya nini.

Ila nimeapa: ukuta wangu ukitoboka tena, natundika kalenda juu yake, basi.