Telo Pagán na Vijiti vya Shemeji Yake

Wanaomsifu mdogo wangu Telo Pagán hawakuwahi kumfulia mashati. Mimi nilimfulia, na yale mashati ya mikono yenye marinda yaliyovaliwa na bendi yake nzima niliyashona mimi. Kwa hiyo niacheni nieleze ninavyomjua.

Alianza kwa kunitoboa masikio jikoni kwetu, Mtaa wa 112, akipiga makopo ya mafuta ya nguruwe kwa vijiko vyangu vya kupikia. Mama alishinda kiwandani, nikamlea mimi. Kabla ndevu hazijaota alikuwa tayari anapiga timbales, zile ngoma mbili za bati zinazopigwa kwa fimbo, katika bendi za watu wazima. Enzi hizo wapiga ngoma waliwekwa nyuma kabisa ya jukwaa, nyuma ya tarumbeta, jirani na mlango wa choo. Telo aliuchukia mlango ule.

"Siku moja, dada, nitazileta hizi ngoma mbele," aliniambia. "Na hao wapuliza tarumbeta wataangalia kisogo changu mpaka wakichoke."

Akafanya kweli. Alipounda bendi yake alizisimamisha timbales mbele ya kila kitu, naye nyuma yake kama jogoo juu ya ukuta. Mtu wa kwanza kuitwa katika bendi hiyo alikuwa Nicasio, mume wangu.

Kazi ya Nicasio ilikuwa kugonga vijiti viwili vya mti mgumu. Basi. Mgeni akimwona hucheka: mtu mzima, kavaa suti, anagonga kijiti kwa kijiti. Lakini kwetu mapigo hayo, klave, ndiyo nguzo ya nyumba. Matatu kisha mawili, au mawili kisha matatu, na wimbo ukishaanza hayageuzwi mpaka uishe. Piano, ngoma, mwimbaji na miguu ya wachezaji, wote hujipanga kwa vijiti. Mpiga vijiti akisemwa kwamba amepindisha klave, amekwisha. Afadhali umwite mwizi.

"Shemeji," Telo alikuwa akimwambia, "wewe hata ukisinzia unakwenda sawa kuliko hawa walio macho." Na wakati ule alikuwa anamaanisha.

Halafu mgema akasifiwa. Akaja bwana mmoja wa kutoa santuri, akamvika mdogo wangu kilemba cha ukoka: wewe ni mkubwa, wewe ni wa dunia nzima, ila unahitaji tarumbeta ya nne na nyimbo zilizoandikwa na msomi. Msomi akaletwa, kijana mpole na makaratasi yake. Katika wimbo mmoja alichomeka katikati kipande kidogo cha tarumbeta, kitamu sana, lakini kilizidi kwa nusu ya mzunguko wa klave. Baada yake wimbo mzima uliangukia upande usio wake.

Nicasio alilisikia kosa hilo siku ya kwanza ya mazoezi. "Telo, hapa tunatoka njiani."

"Nimesikia, shemeji. Tutarekebisha."

Hawakurekebisha, kwa sababu yule bwana wa santuri alikipenda kipande hicho kuliko wimbo wenyewe.

Wakaupiga kwenye dansi ya mchana, Jumapili, ukumbi umejaa mtaa wetu wote na mimi nimekaa karibu na jukwaa. Tarumbeta zilipomaliza utamu wao, watu wakaanza kukanyagana. Wengi wao hawajui noti hata moja, lakini miguu yao haidanganyiki. Mama mmoja alisimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni, akamtazama Telo kama anayemdai. Telo akamgeukia Nicasio, akazungusha fimbo hewani: geuza. Nicasio akatikisa kichwa. Aliendelea alivyoanza, peke yake, sawa kabisa, mpaka wimbo ukafa.

Bwana wa santuri alikuwa meza ya mbele. Telo akachukua kipaza sauti.

"Jamani, mtuwie radhi. Leo dada yangu kampikia shemeji wali mwingi mno, klave imemponyoka."

Ukumbi mzima ukacheka. Nicasio alivitia vijiti kwenye mfuko wa shati, akashuka, akanishika mkono. "Twende nyumbani, Monse."

Telo alikuja baada ya siku chache na keki ya watoto wetu. "Ilinibidi, dada. Yule bwana alikuwa pale, ningesema nini? Kwamba bendi yangu haijui kazi? Nitawaeleza watu, nipe muda kidogo."

Muda alipewa. Santuri ikatoka, vijiti vimegongwa na mtu mwingine; Nicasio akaiweka, akasikiliza kichwa kimeinama. Kile kipande kilikuwa kimeondolewa. Wimbo ulikwenda umenyooka mwanzo mpaka mwisho.

"Amerekebisha," akasema. Hakugusa chakula.

Mtaa wote uliununua wimbo ule, na mtaa wote ukaona ushahidi: Nicasio akiwepo unapinda, Nicasio akiondoka unanyooka. Kwa kinyozi walimuuliza, "Mzee, leo unaanza na mguu upi?" Naye alicheka nao. Hakuna kiongozi wa bendi aliyemwita tena. Alimalizia miaka yake katika kiwanda cha vifuniko vya taa, akibandika utepe.

Telo alikwenda California, akaenda Meksiko, picha yake ikakaa kwenye majalada ya santuri, fimbo juu, meno nje. Kila Krismasi alikuja kwangu kula pasteles, zile za ndizi na nyama zinazofungwa kwa majani, na Nicasio alimmiminia ramu. Hawakuligusa jambo lile. Mimi niliwatazama na kutamani kummwagia mdogo wangu maharage ya moto mapajani.

"Atasema," Nicasio aliniambia, hata pale hospitalini, sauti imeshakuwa ya kunong'ona. "Ni mzito tu. Atasema."

Tulipomlaza kwenye jeneza ili watu wamuage, chumba kilijaa wanamuziki, wazee na vijana. Telo aliingia na suti nyeupe, vijana wakampisha njia. Alilia, na sisemi alilia uongo. Kisha akanyoosha mkono.

"Dada, nipe vijiti vyake. Nimgongee mara moja ya mwisho."

Nilikuwa navyo mkobani. Nikavitoa, nikavishikilia. "Waambie kwanza nani alipindisha Jumapili ile."

Akaniinamia sikioni. "Yeye alikuwa sawa, Monse. Unajua alikuwa sawa."

"Mimi najua. Sema wasikie hawa."

Kinyozi alikuwepo, na wale waliocheka ukumbini walikuwepo, na vijana waliobandika picha ya Telo ukutani kwao walikuwa wanamtazama mdomoni. Akafungua mdomo. Nakiri, nilitumaini. Akawatazama vijana wale mmoja mmoja, akatoa leso, akajifuta uso.

"Nicasio," akasema kwa ile sauti yake ya jukwaani, "alikuwa mtu mwema."

Watu wakaitikia amina. Nikamwendea mume wangu, nikavirudisha vijiti kwenye mfuko wa shati, palepale alipoviweka siku ile, nikawaambia wafunge jeneza.