Zulia Lililorudi Si Langu

Uvumilivu wangu uliisha siku ile tarishi wa mtemi aliposimama na viatu vyake juu ya zulia aliloniletea, akasema, "Mama mwalimu, zulia ni zulia. Uliazimisha jekundu, umerudishiwa jekundu. Unataka likuamkie shikamoo ndipo ulijue?"

Wageni wa mume wangu, mwalimu wa shule, wakacheka. Mume wangu naye akacheka, kwa pua. Nikamtoa mtoto titini, akaangua kilio, nami nikapiga kelele kumshinda. "Shuka hapo! Kama si langu, si lako pia!"

Kijijini kwetu Didia miaka ile ya Mwingereza, Bwana Shauri, mkubwa wa boma, akija kusikiliza mashauri, vitu vya kumkalisha vilitoka majumbani mwetu. Viti kwa huyu, vikombe kwa yule. Hukatai. Safari hiyo jukwaa lilitandikwa mazulia mawili, langu na la karani wa mtemi. Yote mekundu, yote yana maua meusi ya pembe nne. Yalikunjwa pamoja, yakapakiwa kwenye mkokoteni mmoja.

Langu aliniachia mama yangu alipofariki. Kila kitu kingine mle ndani kilikuwa cha mume wangu au cha ndugu zake, hata kigoda nilichokalia nikipika. Zulia lilikuwa langu.

Lakini nitaapaje? Lilikaa sandukuni na majani ya mwarobaini, likatoka siku ya wageni tu, na wageni wakalikalia. Nani hutandika zulia ili alitazame mwenyewe? Nililitazama hili lililorudi hadi maua yakacheza machoni. Asubuhi naona si lenyewe. Jioni naona ni lenyewe, na mimi ndiye niliyechanganyikiwa kwa kukosa usingizi kwa sababu ya mtoto.

Mama alikuwa akisema limefumwa kwa mkono, fundo kwa fundo, kwa sufu. Shuleni tulifundishwa kufuma, nikakumbuka kwamba matamvua ya kazi ya mkono ni ncha za nyuzi zilezile zilizobeba zulia zima. Nikaligeuza. Matamvua yalikuwa yameshonewa kwa cherehani! Nikachomoa uzi, nikauchoma jikoni. Sufu ingenuka kama nywele zilizoungua. Huu ulinuka kama karatasi, yaani ni pamba.

Nikafurahi, halafu nikaingiwa na hofu. Mama naye aliuziwa na mchuuzi. Kama mchuuzi alimdanganya?

Nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda kwa karani. Mkewe, mtu mzima kuliko mimi, alikuwa amelikalia zulia lao akichambua mchele.

"Mwangaluka, mama," nikamwamkia kwa Kisukuma. "Naomba nione upande wa chini."

"Wa chini yangu au wa zulia?"

"Wa zulia, mama."

Akainua pembe moja, kiasi cha kiganja. Maua yalionekana mgongoni kama yalivyo usoni, na matamvua yalitoka mwilini mwa zulia lenyewe.

"Ni langu hili."

"Lina alama gani?"

Nikayapapasa matamvua, nikiitafuta alama.

"Na letu lilifumwa kwa mkono, mwanangu. Wewe peke yako ndiye mwenye mikono duniani?" Akaishusha pembe. "Kama una shitaka, kaandikishe kwa karani."

Karani ni mumewe! Mashitaka yote ya baraza la mtemi aliyaandika yeye. Mume wangu akasema niache, watu wataniita mgomvi. Nikamwambia kalamu ninayo na kusoma nimesoma. Nikapanda lori la pamba hadi Shinyanga mjini, nikayapeleka maneno haya bomani kwa mkono wangu:

"Kwa Bwana Shauri. Mimi ni mke wa mwalimu wa Didia. Nashitaki kwamba zulia langu, urithi wa mama yangu, liliazimwa kwa ajili ya kukukalisha wewe, na nililorudishiwa si la kazi ya mkono. Simwiti mtu mwizi, kwa kuwa sijui kama ni wizi au ni uzembe wa mkokoteni. Lililo kwa karani wa mtemi nadhani ni langu, kuapa siwezi. Naomba mazulia yote mawili yaletwe mbele ya watu, yalazwe kifudifudi, na karani aulizwe la kwake alilinunua wapi na kwa nani, nami niulizwe vivyo hivyo. Naomba pia shauri hili liandikwe na mtu mwingine, asiye karani huyo."